Posho ya safari ya kikazi Las Vegas
Ndugu, umeuliza kama posho ya mkutano itakutosha Las Vegas, kwa kuwa huna nia ya kucheza kamari. Itatosha, ila uangalie kwanza ada ya huduma ambayo hoteli nyingi za barabara ya Strip, ile kuu yenye makasino, hutoza kila usiku juu ya bei ya chumba, na umuulize mhasibu wenu mapema kama ofisi itailipa. Umbali nao hudanganya: jengo linaloonekana kuwa hapo jirani laweza kukuchukua nusu saa kwa miguu, na njia ya kutoka kwenye lifti hadi mlango mkubwa mara nyingi hukupitisha, kwa makusudi kabisa, katikati ya mashine za kamari penye moshi wa sigara. Ukishawishika kuonja ruleti, mchezo wa kubahatisha namba ambayo kijipira kitaangukia kwenye gurudumu, fahamu kwamba gurudumu la Kimarekani lina nafasi 38, zikiwemo sifuri (0) na sifuri mbili (00), ilhali ukipatia namba moja hulipwa 35 kwa 1 tu; tofauti hiyo ndiyo inayolipia taa zote zile za makasino. Chemchemi za maji za hoteli ya Bellagio hutazamwa bure, na kwa maoni yangu zinapendeza kuliko maonyesho mengi ya kulipia. Chukua pia mafuta ya midomo, kwa sababu hewa ya jangwa la Nevada ni kavu mno.