Maua ya Namaqualand: mgongoni nibebe nini?

SWALI: Tuko watano hapa Dodoma. Agosti tunakwenda kutembea kwa miguu siku nne kuona maua ya porini Namaqualand, Afrika Kusini. Mizigo itabebwa na gari. Mgongoni nibebe nini, na kwa nini tusianze alfajiri?
Msomaji, Area C

JIBU: Maua yale hufunguka jua likipata nguvu, kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, siku ya mawingu hubaki yamefumba. Huelekea jua, kwa hiyo lipeni jua mgongo, la sivyo mtapiga picha za visogo vya maua. Beba maji lita tatu, kofia na sweta, maana kule bado ni baridi. Plasta za malengelenge zisiachwe garini: gari mara nyingi mtalikuta kambini tu. Viatu vipya vizoesheni kwanza hapo Dodoma, kilima cha Mlimwa, wiki tatu, kwa soksi zilezile za safari.