Nairobi hadi New York: panga safari kwa saa, si kwa kilomita

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Namba hiyo haikusaidii sana kupanga safari. Saa ndizo za kuangalia, na zinataka kuhesabiwa kwa makini.

Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways waliianzisha Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15 kwenda. Kurudi hupungua kwa saa moja hivi, maana kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ukienda unakuzuia, ukirudi unakusukuma. Ukipitia Doha, mwendo wenyewe unavuka kilomita 14,000, na bado hujagusa saa za kusubiri pale njiani.

Wengi huniuliza mbona tiketi inaonyesha saa 7 tu. Ni kwa sababu kila mji huandikwa kwa saa zake. Tuseme unaondoka 23:30 na kufika 06:30 asubuhi. Ongeza tofauti ya saa 8, ndizo hizo 15. Kati ya Machi na mapema Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7. Za kwetu hazibadiliki. Anayekuja kukupokea mtumie picha ya tiketi, asikisie.

Na tarehe jamani! Ndege ya 00:40 ya tarehe 15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwanjani unafika tarehe 14 jioni. Nimeshuhudia familia nzima ikitokea na masanduku yake siku moja baadaye, mama mtu analia pale mlangoni. Kwenye kalenda andika siku ya kutoka nyumbani.

Mimi hutoka mapema mno, na sijutii. Barabara ya Mombasa, ya kwenda uwanjani, jioni mnaijua. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nimezoea kushushwa garini na kukaguliwa kabla hata ya kulifikia jengo, na abiria wa kwenda Marekani hukaguliwa tena kabla ya kupanda.

Linaloniumiza zaidi ni tiketi za kuunganisha. Ndugu zetu wengi hawaishii New York, wanaendelea Minneapolis au Dallas. Hata begi likibandikwa lebo ya Minneapolis, kwenye uwanja wa kwanza unaotua Marekani kwa kawaida lazima upite uhamiaji, ulichukue begi, upite nalo forodha, ulikabidhi upya, kisha ukakaguliwe tena. Foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kumaliza muda wako wote. Mama yangu alipotaka kukatiwa tiketi yenye dakika 90 za kuunganisha, nilikataa katakata. Kwangu saa 3 ndizo za chini kabisa. Mzazi mzee, au asiyejua Kiingereza, mpe 4, na siku ya kukata tiketi mwombee kiti cha magurudumu. Hakilipiwi, na anayekisukuma humpitisha mzee kwenye foleni zote mpaka mlango wa ndege ya pili.