Kabla Hujafunga Gunia la Nguo

Mwezi Machi 2019, siku chache baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, sebule yangu hapa Kisumu ilijaa magunia 11 ya nguo. Chama chetu cha akina mama kilikuwa kimeona kwenye runinga watu waliokwea mapaa na miti wakisubiri kuokolewa, na kila mmoja wetu akarudi nyumbani kufungua kabati. Hesabu ndiyo tuliyoisahau. Mwenye lori tuliyemwendea alitutajia bei iliyozidi thamani ya mzigo wote, kabla hata hatujazungumzia forodha ya mipaka yote iliyoko njiani, na isitoshe, barabara ya kuingia Beira yenyewe ilikuwa imekatwa na mafuriko.

Tulipoyafungua magunia ili tupunguze mzigo, tulikuta kiatu kimoja chenye kisigino kirefu kisicho na mwenzake, gauni la harusi, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyopitwa na muda. Magunia yalikaa kwangu hadi Juni, panya wakazalia humo, na mwishowe tuliyauza kwa bei ya kutupa kwa muuza mitumba wa soko la Kibuye. Fedha hizo ndizo tulizotuma.

Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wenzangu kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Ahero, na mto Nyando ulipofurika utotoni mwangu tulihamia darasani, familia nne chumba kimoja. Katika misaada iliyoletwa, mama alipewa koti zito la sufu, lililoshonewa nchi ya theluji. Alilitandika sakafuni tukalilalia. Alichokuwa akikitafuta ni sufuria, kwa maana unga tulikuwa nao na hatukuwa na chombo cha kuupikia, pamoja na chandarua, kwani mbu wa Kano baada ya mafuriko hawana huruma. Aliyetusitiri ni mwenye duka mmoja wa Awasi aliyekuja kwanza kuuliza, akaondoka, kisha akarudi na sufuria tatu na viberiti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: janga likiwa mbali, tuma pesa. Najua pesa huonekana kavu, haina joto la blanketi ulilolikunja kwa mikono yako, lakini aliyeko huko atanunua kinachokosekana leo, tena mara nyingi kwa wafanyabiashara wa eneo hilohilo ambao nao wanahitaji kuinuka. Tafuta shirika ambalo tayari lilikuwa na watu wake pale kabla ya maafa. Sisi hupitia Msalaba Mwekundu, kwa kuwa una vyama vya kitaifa karibu kila nchi na watu wake wa kujitolea ni wenyeji wanaojua njia na lugha.

Hapo kwenye kutuma ndipo matapeli wanapokaa. Mwenzetu mmoja alitumia nambari iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp chini ya picha ya mtoto anayelia, picha ambayo baadaye tuligundua ilikuwa ya miaka mingi nyuma na ya nchi nyingine kabisa. Jina lililojitokeza kwenye simu yake lilikuwa la mtu binafsi, naye akabonyeza tu. Siku hizi mweka hazina wetu huchukua nambari kutoka kwa shirika lenyewe, na jina lisipolingana, haendelei.

Jambo la pili ni wakati. Idai iliharibu mahindi yaliyokaribia kuvunwa, hivyo njaa ilikuwa bado njiani wakati kamera zilipokuwa zimeanza kuondoka, na kipindupindu kilizuka kabla mwezi huo haujaisha. Tangu hapo mchango wetu tunaugawa mara mbili, nusu mara moja na nusu baada ya miezi mitatu. Tetemeko lilipoikumba Uturuki na Syria tarehe 6 Februari 2023, nusu ya pili ilikwenda Mei, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akilitaja tena sokoni.

Kuhusu kusafiri mwenyewe kwenda kusaidia, kama huna ujuzi ulioombwa, baki. Kijana mmoja wa jirani alitaka kupanda basi aelekee Msumbiji, ilhali Kireno hajui. Angekuwa tumbo jingine la kulishwa.

Na usisahau kuangalia karibu nawe, kwani mara nyingi janga la mbali lina mtu wake hapahapa. Kimbunga Freddy kilipoleta maporomoko ya udongo Blantyre, Machi 2023, tulisikia kwamba kuna binti wa Malawi anayesoma Maseno ambaye watu wake wanaishi Chilobwe, mojawapo ya mitaa iliyoumia sana. Tulimwendea na mfuko wa unga. Akashukuru kwa adabu, akauweka kando, na nilipomuuliza anahitaji nini hasa, alisema, “Mama, ni salio tu la kupiga simu nyumbani.” Tulimnunulia, tukaketi naye kitandani akipiga na kupiga tena, hadi simu ilipopokelewa yapata saa tatu usiku.