Muulizeni mwalimu mkuu nani kapewa darasa la kwanza

Mhariri asalam alaykum, na wasomaji wote. Swali lenu la wiki hii mmeuliza mzazi atajuaje kama skuli ya msingi ya serikali ya mtaani kwake ni nzuri kweli au ni jina tu. Mi najibu kutoka Wete, Pemba, nna watoto wanaosoma skuli ya serikali na nimekaa kwenye kamati ya skuli miaka kadhaa sasa, kwahiyo nitakayosema mengine nimeyaona kwa macho na mengine nimeyagombania vikaoni. Jawabu langu kwa ufupi: nenda kamuulize mwalimu mkuu mwaka huu darasa la kwanza kampa nani, na kwanini kampa yeye. Akiwa na jawabu la maana, mengine mengi utayakuta sawa. Akianza kubabaika, sijui ndo aliyekuwepo, sijui tunangoja ajira mpya, basi hata kama skuli ina ghorofa na geti lililopakwa rangi juzi, we jiandae kumsomesha mwanao mwenyewe nyumbani.

Najua wengi watajibu angalieni matokeo. Baraza la Mitihani la Zanzibar likitoa matokeo huku kwetu magrupu ya WhatsApp hayalali, skuli fulani imepeleka wangapi vipawa, wangapi michepuo, yaani zile skuli na madarasa ya waliofaulu zaidi, picha za watoto na walimu zinaruka mpaka simu zinajaa. Sikatai, furaha ni furaha, na mimi mwenyewe nnazituma. Lakini matokeo yale yanakwambia habari za waliofika kwenye mtihani, wale walioanza nao darasa la kwanza halafu wakapotea njiani hawamo. Na wanapotea jamani tusijifiche. Kijana wa kiume akishapata nguvu ya kuvuta nyavu anaanza kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, na wakubwa zake, akirudi anakuta wenzake washafika mbali, anaona haya kukaa darasa moja na wadogo, harudi tena. Msimu wa karafuu nao ukichanganya, asubuhi watoto wako chini ya mikarafuu wanaokota mpeta, zile zilizodondoka, na jioni wako ukumbini na bibi zao wanachambua karafuu na makonyo yake, na mzazi ukimuuliza anakwambia wacha mtoto apate hela ya viatu vya skuli. Sasa skuli ikishawapoteza watoto wazito mapema, asilimia zake zinapanda, manake waliobaki ni wale ambao wangefaulu popote pale ungewaweka.

Kwahiyo ukitaka kutumia matokeo, uliza na la pili yake: darasa lile lilipoanza lilikuwa na watoto wangapi, na waliokaa kwenye mtihani wangapi? Rejista zipo, mwalimu mkuu hawezi kukwambia hajui. Kuna waliohama kihalali, wamefuata wazee wao Unguja au Tanga au Mombasa, hao watoe. Wanaobaki ndo wa kuwauliza wako wapi.

Halafu kuna hili la twisheni ambalo watu hawapendi kulisema. Darasa linaweza kufaulisha vizuri sana na kazi yote imefanyika nje, usiku, kwa hela ya mzazi, wakati mwengine na mwalimu yuleyule ambae mchana kaandika kichwa cha somo ubaoni akatoka kupokea simu. Mzazi mwenye duka atalipa. Mama wa mwani kule mashamba atalipa na nini? Sisi Zanzibar elimu ilitangazwa bure tangu 23 Septemba 1964 na kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo, wazee wetu waliofungiwa milango kabla ya hapo wanajua maana yake. Sasa mi nnapoipima skuli ya serikali naipima kwa yule mtoto ambae nyumbani hakuna anaejua kusoma wala hakuna hela ya twisheni. Yeye amepata nini mle ndani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri? Huyu wa mwenye duka hanipi habari yoyote ya skuli, ananipa habari za babake.

Ndo maana nikasema darasa la kwanza. Mwalimu mkuu ana walimu wazuri wachache na anabanwa kila upande awapeleke madarasa ya mtihani, kwa sababu huko ndo jina la skuli linapotoka. Darasa la kwanza linapewa anaebaki. Kuna skuli moja sitaitaja, mwaka mmoja watoto wadogo wote walipewa binti wa kujitolea, hana kosa lolote masikini, katoka kidato cha nne juzi, hajapita chuo cha ualimu hata siku moja, nauli yake yenyewe inachangwa na kamati, na kaachiwa peke yake chumba kizima cha watoto wengine wametoka TUTU, vile vituo vya Tucheze Tujifunze vya wadogo, wanajua herufi na wengine hata kalamu hawajawahi kushika. Yule mwalimu mzoefu alokuwa akiliweza darasa hilo akapandishwa juu kwenda kuwanoa wa mtihani. Ukipita nje ungesema mashaallah skuli inasoma, binti anasema "kaka anakula wali" na darasa zima linapokea kwa sauti mpaka bati linatetema. Walipofika darasa la tatu ndo ikajulikana kwamba wengi walikuwa wakisoma kwa masikio.

Hilo la kusoma kwa masikio unaweza kulijua mwenyewe kwa dakika mbili tu. Usimpe mtoto kitabu chake, ukurasa ule kashauhifadhi, atakusomea huku anaangalia kuku wanaopita uani. Anua kanga yako kambani, itandaze, mwambie nisomee jina la kanga. Mtoto wa darasa la pili anaejua kusoma atahangaika na maneno marefu, atarudia, lakini atafika. Asiejua atakukisia, ataanza na neno lililoandikwa kweli kisha ataendelea na lake. Wajaribu watoto wa majirani kadhaa wa skuli hiyohiyo, wa kila aina, si yule mmoja hodari anaesifiwa mtaa mzima. Kanga haisemi uongo na hailipiwi ada.

Kingine nnachokiangalia sana ni madaftari, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Omba daftari la hisabati la mtoto wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho. Mi siku moja nimekaa na madaftari mawili ya watoto wa mtaa mmoja, darasa moja kwa umri, skuli mbali mbali. Wote wawili wamepewa 42 kutoa 17 na wote wawili wameandika 35. Ukitazama unaona mtoto alichofanya, kaona 2 haitoi 7 akaigeuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, halafu 4 toa 1 akapata 3. Si mjinga, kajitungia njia. Daftari la kwanza ile 35 imepigwa vema kubwa nyekundu, na chini "Vizuri" na sahihi na tarehe, ukurasa mzima vema tupu mpaka hesabu zilizokosewa. Mwalimu kapita na kalamu bila kusoma, na mtoto kaenda nyumbani anajua njia yake ni sahihi, na ataendelea nayo miaka. Daftari la pili 35 imepigwa kosa, pembeni mwalimu kachora vijiti, makumi manne kayafunga kamba kila kumi fungu lake na vijiti viwili pembeni, kisha fungu moja kalifungua. Chini mtoto karudia, 25. Hesabu inayofuata kaipata mwenyewe. Yule wa daftari la pili mwalimu wake simjui sura lakini namuombea dua, manake darasa lake nalo limejaa vilevile na mshahara ni uleule.

Sasa habari za majengo. Ghorofa hizi mpya zilizojengwa miaka hii Unguja na Pemba mi sizipondi hata kidogo, kuna watu wanajifanya majengo si kitu, hao hawajasoma watu mia chumba kimoja wamekaa chini. Lengo linalosemwa ni watoto 45 kwa darasa na kuondoa mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana, na pale ambapo limefikiwa tofauti unaiona, mwalimu anaweza kupita kati ya madeski, anaweza kukusanya madaftari akayamaliza. Na mkondo wa mchana jamani ulikuwa mateso, mtoto anaingia skuli jua la utosi kashacheza na kashachoka, halafu chuoni aende saa ngapi Quran aisome saa ngapi. Ila ukifika kwenye ghorofa uliza kitu kimoja: wadogo wamewekwa wapi? Nimeona sehemu wakubwa wamepanda juu kwenye madeski mapya na darasa la kwanza limebaki kwenye banda la zamani, mvua ya masika inaingia dirishani. Hapo nishajua mwalimu mkuu anamfikiria nani kwanza.

Vyoo mtaviona wenyewe, ingieni. Msiulize, ingieni, na muangalie kama kuna maji siku ya kawaida, si siku ya mgeni.

Walimu kufika kazini nako kuna mengi ya kusemwa lakini huku Pemba wengi wanakaa mjini na skuli ziko mashamba, gari likichelewa na mwalimu kachelewa, hilo usimhukumu mtu kwa siku moja. Kaa dukani mbele ya skuli siku ya Jumatatu na siku ya Ijumaa, kengele ikigonga angalia, baada ya hapo angalia tena. Watoto wakiwa nje wanacheza nage saa ya somo na kila ukipita wako hivyohivyo, hiyo ndo hali ya skuli. Uliza pia kama walimu wanakwenda kituo cha walimu wanakopewa mafunzo, kile cha Mitiulaya kwa sisi wa Wete au Michakaini kwa watu wa Chake, na wakirudi wanawaeleza wenzao walichokipata au posho tu.

Na Kiingereza. Sera ya elimu ya 2006 ilileta hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, mwanangu mkubwa kapita humo, na wazazi wengi tangu hapo skuli wanaipima kwa mtoto kusema good morning mlangoni. Mtoto anaweza kukusalimia vizuri sana na swali la sayansi asielewe linauliza nini. Mpe swali alilofanya skuli mwambie akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Akishindwa hapo, hesabu yenyewe hajaifikia bado, na mwalimu anaejua kazi yake anakuwa ashaliona hilo na anawaelezea kwa lugha zote mbili hata kama mkaguzi atanuna.

Bakora nisiizungumze sana maana tutagombana, kuna wazee wanaamini skuli isiyochapa si skuli. Mi nasema tu mtoto wa darasa la kwanza anaeumwa tumbo kila asubuhi ya skuli na Jumamosi yuko mzima, kuna kitu.

Mtaniuliza ukishaijua kama ni mbaya utafanya nini, kwani skuli ya serikali si unapangiwa ya karibu na binafsi hatuiwezi. Kweli. Wengi wetu hatupimi ili tuhame, tunapima ili tujue cha kudai. Ndo nasema msingoje mkutano wa wazazi, ule watu wanakuja kusikiliza michango na kuondoka. Nendeni Januari, wiki za mwanzo, ratiba ikiwa bado ya penseli. Mwaka mmoja kwetu tulikwenda kinamama wachache tu, na mwalimu mkuu, Mungu amuweke, akatwambia ukweli wake, kwamba walimu anaowaamini kwa watoto wadogo anao wawili, na mmoja anashughulikia uhamisho wa kwenda Unguja. Tukamuuliza huyu anaebaki umempa darasa gani. Akasema la mtihani. Tukambishia, akatubishia, akasema wilaya itamuuliza yeye asilimia si nyie, tukamwambia na sisi tutakwenda hukohuko wilayani tuseme. Mpaka inaadhiniwa adhuhuri ratiba ishafutwa na kuandikwa upya hapohapo mezani, mwalimu yule anaebaki, bi mkubwa, karudishwa darasa la kwanza, na tulipotoka nje kinababa waliokaa barazani wakatuuliza kulikuwa na nini skuli muda wote huo, na chakula cha mchana je.