Swali la lugha: Polisi wa jeshi au polisi wa kijeshi?

SWALI: Natunga riwaya ya nchi ya kubuni niliyoiita Jamhuri ya Zumaridi. Humo kuna askari ambao kazi yao ni kuwasimamia wanajeshi wenzao: kuwakamata watoro, kupeleleza wizi wa silaha, kulinda mateka. Katika rasimu ya kwanza, ambayo nimeiambatisha, niliwaita "polisi ya kijeshi", nikawapa vyeo vya konstebo, inspekta na kamishna. Rafiki yangu aliyeisoma anasema jina si lenyewe na vyeo haviingii. Niwaiteje? Na je, koplo anaweza kumkamata kapteni, au msomaji ataona nimekosea?

JIBU: Waite polisi wa jeshi. Rafiki yako ana jicho zuri, na naomba nieleze kwa kirefu, maana silabi hiyo moja, ki-, imewakwaza hata wafasiri wa habari wazoefu, na katika riwaya yako inaweza kuibadilisha nchi nzima.

Tukisema jambo ni la kijeshi, tunataja namna yake, si mwenyewe. Ki- hii ndiyo ile ya kitoto, ya kike, ya kifalme. Chakula cha mtoto atakila mtoto, lakini tabia ya kitoto anaweza kuwa nayo mzee wa miaka 70. Kanzu ya mfalme imo sandukuni mwa mfalme. Kanzu ya kifalme anaweza kuivaa bwana harusi yeyote siku yake. Vivyo hivyo, ndege ya jeshi ni mali ya jeshi hata ikiwa ni ya kubebea wagonjwa, na ndege ya kijeshi imeundwa kwa ajili ya vita hata ikiwa leo imeegeshwa makumbusho na wageni wanaipiga picha.

Kwa hiyo polisi wa jeshi ni polisi ambao eneo lao la kazi ni jeshi. Ndivyo tunavyosema polisi wa trafiki, polisi wa majini, polisi wa utawala: neno linalofuata "wa" linataja wanakofanyia kazi au wanachokisimamia. Polisi wa kijeshi ni jambo jingine. Hao ni polisi waliopangwa kama wanajeshi, wenye kambi, vyeo na nidhamu ya kijeshi, lakini wanaweza kabisa kuwa wanawasimamia raia wa kawaida mitaani.

Na polisi wa namna hiyo wapo. Nchini Brazil, kila jimbo lina polisi wake wa kijeshi, na hao ndio wanaofanya doria barabarani na kuitwa raia anapoibiwa. Jeshi la nchi kavu la Brazil lina polisi wake wengine kabisa, wa kuwasimamia wanajeshi. Kwa hiyo anayewaita wale wa mitaani "polisi wa jeshi" amempotosha msomaji, maana hawakamati wanajeshi bali wanafukuzana na wezi wa simu. Ufaransa wana Gendarmerie, chombo cha kijeshi kinacholinda usalama wa raia vijijini na katika miji midogo. Tangu 2009 kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ingawa watu wake wamebaki wanajeshi. Italia wana Carabinieri, walioanzishwa 1814, nao wanabeba kazi zote mbili: ni polisi wa raia, na papo hapo ni polisi wa jeshi. Hao ukiwaita kwa jina lolote kati ya haya mawili hutakosea, lakini taja ni kazi ipi unayoizungumzia.

Sasa amua Zumaridi ni nchi ya aina gani. Ukiandika "polisi wa kijeshi", msomaji makini atawaona askari wenye bunduki wanasimamisha mabasi ya raia, na atadhani kuna utawala wa mabavu. Ukiandika "polisi wa jeshi", atawaona getini kwenye kambi. Kwa jinsi ulivyoeleza kazi zao, hilo la pili ndilo unalotaka.

Najua utaniuliza: mbona basi tunasema "mahakama ya kijeshi", na si "mahakama ya jeshi"? Ni kweli, jina hilo limeshazoeleka na sina haja ya kuligusa. Ila tazama, hata hapo ki- inafanya kazi yake. Mahakama hiyo inatofautiana na nyingine kwa namna yake: sheria zake, waamuzi wake waliovaa sare, makosa inayoyasikiliza. Tena hakuna mahakama nyingine ya kuchanganya nayo. Kwa polisi, mchanganyiko upo, na ndiyo maana nashikilia tofauti hii kwa nguvu.

"Polisi jeshi" nalo si kosa. Kiswahili kinapenda kuunganisha nomino mbili bila kiunganishi: askari kanzu, polisi jamii, polisi kata. Ni fupi, linakaa vizuri kwenye amri na kwenye midomo ya askari wenyewe. Ningelitumia katika mazungumzo ya wahusika, na simulizi ningeiachia "polisi wa jeshi". Kifupisho MP, cha Kiingereza military police, nakushauri ukiache. Wanajeshi wanakijua, lakini kwa msomaji wa Kenya MP ni mbunge, na sentensi yako ya "MP wawili walimburuta nje" itamfanya afikirie mambo mengine kabisa.

Usigeuze tu mpangilio wa maneno. Jeshi la Polisi, kwa Mtanzania, ni polisi wa raia. Neno jeshi kwetu ni pana: lina Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Kujenga Taifa, hata Jeshi la Wokovu. Lakini likisimama peke yake bila neno la kulikamilisha, kila mtu anaelewa ni jeshi la ulinzi: ukiambiwa fulani yuko jeshini, hufikirii zimamoto. Ndiyo maana "polisi wa jeshi" haina utata, ingawa jeshi lina maana nyingi.

Upatanisho wa kisarufi, yaani wa au ya, sitaukalia sana. Polisi ni watu, basi ni polisi wa, polisi wamefika, polisi yule. "Polisi ya" husikika mitaani na unaweza kumwekea mhusika mdomoni, lakini simulizi iseme wa. Ukitaka kukitaja chombo chenyewe, weka neno kikosi mbele, na kitenzi kikifuate hicho: Kikosi cha Polisi wa Jeshi kimewasili.

Kuhusu majukumu yao, maneno umeyapata karibu yote, ila kuna jozi chache za kuchunga. Mtoro ni askari aliyeacha jeshi bila nia ya kurudi. Aliyezidisha siku za likizo ni askari asiye kazini bila ruhusa, na adhabu zao hazilingani. Wote wawili si waasi. Mwasi ameinua mkono dhidi ya wakubwa wake, naye ana sura yake katika hadithi. Mahabusu hajahukumiwa, mfungwa amehukumiwa. Aliyefungiwa usiku mmoja kwa ulevi, mwandikie kwamba alilala korokoroni. Ni neno la zamani na linanukia kambi. Na mateka, kwa kuwa siku hizi hutumika pia kwa raia aliyeshikwa na watekaji, liandike kwa ukamilifu mara ya kwanza: mateka wa vita. Hapo pana jambo la kukusaidia katika kupanga vyeo: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka kambi ya mateka wa vita iwe chini ya afisa mwenye kamisheni, yaani wa kuanzia luteni usu kwenda juu. Kwa hiyo yule sajini wa katika rasimu yako asiwe mkuu wa kambi ya mateka. Awe msaidizi.

Tumefika kwenye vyeo, na hapa ndipo rafiki yako ana haki zaidi. Konstebo, inspekta, mkaguzi, mrakibu na kamishna ni vyeo vya polisi wa raia. Polisi wa jeshi ni mwanajeshi kwanza, basi anavaa cheo cha jeshi lake. Kinachotuchanganya ni koplo na sajini, maana vimo pande zote mbili. Ngazi za jeshi kwa Kiswahili, kutoka chini, zinapanda hivi: askari wa kawaida, koplo usu, koplo, sajini, sajinitaji, kisha afisa mteule daraja la pili na la kwanza, halafu wenye kamisheni, yaani luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, jenerali. Wakenya husema brigedia tu, bila jenerali. Chagua jina moja na usilibadilishe katikati ya kitabu.

Neno usu hapo linamaanisha cheo hakijatimia: luteni usu bado kidogo awe luteni kamili. Nalipenda neno hili, na nasikitika kuona waandishi wakiandika "luteni wa pili" wakati tunalo letu, fupi na linaloeleweka.

Utashangaa kwamba meja yuko juu ya luteni, lakini luteni jenerali yuko juu ya meja jenerali. Si kosa la chapa. Cheo cha meja jenerali huko Ulaya kilianza kama sajini-meja jenerali, na neno la mbele likadondoka baadaye. Tena, ukisoma juu ya Carabinieri ili kupata mawazo, usiifasiri brigadiere kuwa brigedia. Kwao huyo ni wa kiwango cha sajini, na ukimfanya brigedia umempandisha ngazi nyingi kwa kalamu moja. Kama Zumaridi ina bahari, kumbuka pia kwamba katika majeshi ya majini yanayofuata utaratibu wa Kiingereza, kapteni hulingana na kanali wa nchi kavu. Nahodha ni neno la chombo na la timu ya mpira; si cheo cha jeshi.

Tenganisha cheo na wadhifa. Umeandika "Kamishna wa Polisi ya Kijeshi" kana kwamba ni cheo. Mkuu wa Polisi wa Jeshi ni wadhifa, yaani kiti. Anayekikalia ana cheo chake, tuseme kanali au brigedia jenerali. Akihamishwa, kiti anakiacha, cheo anaondoka nacho. Ndivyo ilivyo kwa Mkuu wa Majeshi, ambaye cheo chake ni jenerali. Na vitenzi vyake navyo vinatofautiana: mtu hupandishwa cheo, huvishwa cheo, hushushwa au kuvuliwa cheo, lakini kwa wadhifa, mtu huteuliwa kuushika. Kamisheni hutunukiwa. Ukivitumia hivi, msomaji aliyewahi kuishi kambini atakuamini kuanzia ukurasa wa kwanza.

Je, koplo anaweza kumkamata kapteni? Ndiyo, kwa sababu anachokitumia si cheo bali mamlaka aliyopewa na mkubwa wake. Hata hivyo majeshi huona uzito wa jambo hilo. Katika polisi wa jeshi la nchi kavu la Uingereza, ambao wenzao huwaita kofia nyekundu, askari akimaliza mafunzo huvishwa ukoplo usu, ili asiende kumwamrisha mwenzake akiwa hana tepe hata moja begani. Unaweza kuwapa Zumaridi utaratibu kama huo, na kazi ya kumkamata afisa ukaitia uzito zaidi kwa kumsimamisha luteni au kapteni mwingine pembeni.

Katika rasimu uliyonitumia umeandika: "Konstebo wa polisi ya kijeshi alimfokea kapteni, 'Wewe, weka mikono juu!'" Hapo ndipo nilipojua hujawahi kumsikia askari akimkamata mkubwa wake. Hafoki. Cheo cha kapteni hakijavuliwa, na koplo bado anadaiwa saluti. Neno la kukusaidia ni afande, lililotufikia kutoka efendi ya Kituruki, ambalo mdogo humwita mkubwa wake jeshini na polisi. Jaribu hivi:

"Koplo alisimama kwa ukakamavu mlangoni, akapiga saluti. Kapteni hakuirudisha.

'Afande,' alisema koplo, mkono ukiwa umeshashuka, 'nimetumwa na Mkuu wa Polisi wa Jeshi. Naomba bastola yako, afande.'

Nyuma yake alisimama luteni asiyesema neno."