Dogo wa Njombe, kabla hujapeleka hela ya parachichi kwenye kit ya gari nisikilize

Juzi usiku kuna dogo wa Njombe kanitumia meseji ndefu, anasema kaka nimeona picha ya kigari chako chekundu, mwaka huu parachichi zimelipa, niagize kit (gari la vipande unavyojifungia mwenyewe) moja kwa moja au unanishaurije? Nikamjibu neno moja tu, subiri. Halafu usingizi ukagoma, maana miaka mitatu nyuma mtu angeniambia mimi subiri ningemuona mchawi.

Kwa wageni, gari lenyewe ni kopi ya Lotus Seven. Ile ya asili ilitoka Uingereza mwaka 1957, kazi ya Colin Chapman, kigari chepesi hakina paa, tairi za mbele zimekaa nje nje kama miguu ya panzi. Waingereza walikuwa wanauziwa vipande wanajifungia wenyewe nyumbani, kwa sababu ukinunua hivyo unakwepa kodi ya manunuzi (kumbe kukimbia kodi sio sisi tu). Mwaka 1973 Lotus wakawaachia Caterham waendelee nalo, na wanaotengeneza kopi zake wako kibao, mpaka Afrika Kusini. Yangu ilitokea huko huko, ikapanda lori ikapita Zambia, nikaenda kuipokea Tunduma nimevaa shati jipya kama naenda kutoa mahari.

Sasa dogo, kit sio gari. Nilichopokea ni chesisi ya skwea paipu, bati za alumini, pua na madigadi ya faiba, na maboksi ya vikorokoro. Injini hakuna, gia boksi hakuna, difu (ile inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma) hakuna. Na boksi lenye steringi reki na vile vyuma vinavyoshika tairi za mbele halikuwepo kabisa. Muuzaji mwezi wa kwanza anajibu vizuri, mwezi wa pili anasema limetumwa, wa tatu meseji zikawa tiki moja mpaka leo. Hela yote alishaichukua. Hapo ndo nikajifunza usilipe yote, narudia, usilipe yote, bakiza kitu mpaka uhesabu mzigo wako boksi kwa boksi.

Injini nilichukua 3Y ya Hiace iliyokuwa imelala Uyole hapa Mbeya, cc 1998, ya kabureta, fundi yeyote Mwanjelwa anaifungua amefumba macho. Difu ya Corolla ya zamani ile ya kusukuma nyuma. Vyuma vya mbele alinikerezea mzee mmoja pale Sido kwenye karakana za viwanda vidogo, ndaga fijo baba (asante sana kwa Kinyakyusa), bila wewe ningekuwa nafugia kuku kwenye ile chesisi.

Injini ikawaka lakini inakohoa na moshi mweusi, plagi ukichomoa ni masizi matupu. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha waya, wapi. Kumbe ile Hiace maisha yake yote ilikuwa Dar, na Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa pwani huku inamimina mafuta kuliko hewa iliyopo. Nikaweka jeti ndogo tu, yaani kile kitundu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta, ikatulia.

Na baridi sijakwambia. Digadi moja ilipasuka kwenye lori, nikasema si faiba tu, nikanunua rezini (ile gundi ya faiba) na hadena ya kuigandisha nikaanza kupaka. Mwezi wa saba, Mbeya! Ile rezini inataka joto la nyuzi kama 20 ikauke, usiku hapa hata 10 hazifiki. Siku nne ukigusa inanata kama asali. Nikafikiria niweke jiko la mkaa pembeni, bahati nzuri mama watoto akanifukuza nalo, maana mvuke wa ule uchafu unashika moto. Nikaikwangua yote nikaanza upya mwezi wa kumi. Nyie wa Njombe ndo kabisa.

Lakini kilichoniuma sio faiba. Mke wangu nilimwambia hili jambo ni milioni 6. Ukweli lilishavuka 15, nachota kidogo kidogo kwenye hela ya viazi nasema bei imeshuka. Akakuta risiti kwenye ovaroli siku anafua. Hakupiga kelele, angepiga ingekuwa afadhali, aliziweka mezani akazipanga kwa tarehe. Kikao kikaitwa, na shemeji yangu mbele ya watu wazima akasema huyu anajichongea jeneza, muacheni. Watu wakacheka. Shemeji najua unasomaga humu, gari limewaka.

Wanaume wenzangu tuna tabia mbaya, tunaona siri ndo uanaume. Nunua daftari la shilingi mia tano, andika kila shilingi, mpaka ile nauli ya bajaji kufuata nati mbili, na daftari likae sebuleni, sio gereji. Ningefanya hivyo ningeacha mapema au ningemaliza mapema. Yaani andika, dogo. Andika.

Siku ya kulitembeza tulienda uwanja wa mpira huku mtaani, watoto kama mia wanalikimbiza. Raundi ya kwanza safi, ya pili nakanyaga breki pedali inazama hadi chini, nikaingia nalo kwenye michongoma ya mzee jirani. Breki nilishatoa upepo mara sita mimi na mwanangu, yeye anakanyaga mimi nafungua nipeli, kile kiskrubu cha kutolea upepo. Tatizo kaliba za mbele, zile zinazobana diski ya breki, nilifunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nipeli ikaangalia chini, na upepo unakaa juu, sasa ungetokea wapi? Nilizibadilisha kwa dakika arobaini. Michongoma nililipa elfu sitini.

Namba halina bado. Nilipopeleka makaratasi nikaulizwa hili gari ni la mwaka gani na limetengenezwa na nani, nikasema mimi, jamaa akaniangalia. Kwa hiyo linazunguka uwanjani tu, barabarani sijaliweka na wewe usiliweke. Hilo swali la usajili kaulize kabla hujatuma hata senti, mimi niliuliza mwisho.

Kwa hiyo jibu langu bado ni subiri. Njoo Mbeya Jumamosi, lala kwetu, mama watoto ameshakubali, na daftari utaonyeshwa lote. Utanikuta uvunguni, indiketa ya kushoto inawaka kila nikikanyaga breki, maana taa nimezifunga kwenye faiba na nikasahau faiba haipitishi umeme, inabidi kila taa niivutie waya wake wa hasi mpaka kwenye chesisi. Njoo na tochi.