Kagua mkono wa maikroRNA yako kabla ya kuamini orodha ya jeni

Wiki sita za kazi zilinipotea kwa tarakimu moja. Nilikuwa natafuta jeni zinazozimwa na maikroRNA, yaani RNA fupi inayozuia jeni kufanya kazi. Niliandika miR-21-3p badala ya miR-21-5p, na programu ya kutabiri jeni hizo haikulalamika. Ilinipa orodha ndefu ya jeni, kila moja na alama yake, nami nikaanza kuichambua.

Kilichonishtua ni PDCD4. Jeni hii imethibitishwa maabara kuwa inadhibitiwa na miR-21, lakini huko juu ya orodha sikuiona. Niliporudi kwenye mfuatano wenyewe, nikaelewa. RNA changa hujikunja kama kibanio cha nywele, kisha hukatwa na kutoa nyuzi mbili, 5p na 3p, moja kutoka kila mkono wa kibanio. Programu nyingi huangalia hasa nyukliotidi (herufi za RNA) ya 2 hadi ya 8, tunazoziita mbegu, na kutafuta jeni zinazolingana nazo. Mbegu ya miR-21-5p ni AGCUUAU. Ya 3p ni AACACCA. Hazina undugu wowote. Ukisoma makala za zamani ujihadhari zaidi, maana zamani uzi wa pili uliwekewa nyota tu: miR-21*. Usinakili jina. Chukua mfuatano, uutafute miRBase, hifadhidata ya majina na mifuatano ya maikroRNA, ndipo uingize jina la sasa.

Tangu siku hiyo, kila programu mpya naipima kwanza kwa jozi inayojulikana: miR-21-5p na PDCD4, au let-7 na HMGA2. Isipoziona, nasimama hapo hapo.

Alama nazo zisome kwa makini. Kwenye miRDB, mojawapo ya programu za utabiri, huanzia 50 hadi 100, na zilizozidi 80 ndizo za kutumainiwa zaidi. Kwenye TargetScan, programu nyingine ya utabiri, ni kinyume: kadiri alama inavyozidi kuwa hasi, ndivyo jeni inavyotarajiwa kuzimwa zaidi. Ukipanga safu hiyo kutoka kubwa kwenda ndogo, dhaifu ndizo zitakaa juu.

Hata hivyo, huo ni utabiri tu. Herufi saba zinaweza kulingana kwa bahati mara moja katika kila herufi 16,384, na jenomu ni ndefu mno. Kwa hiyo mimi huondoa kwanza jeni zote ambazo hazifanyi kazi katika seli ninazochunguza. Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa maikroRNA haiwezi kuzuia ujumbe ambao seli haijauandika. Zinazobaki nazitafuta miRTarBase, hifadhidata ya jozi zilizothibitishwa maabara, nione zipi zina ushahidi wa lusiferesi (kimeng'enya kinachotoa mwanga, ambao hupungua jeni ikizuiwa), hasa pale sehemu ya jeni inayolingana na mbegu ilipobadilishwa na athari ikatoweka.